Watajiju Apanda Engozi

Huu mkasa hamtauamini, na asiyeamini amuulize mbwa mwenyewe, yupo hapa hapa Nyakakika. Mbwa anaitwa Watajiju. Mwenye mbwa ni Gloriose, mjane mwenye shamba la migomba na kahawa, mwanamke aliyesusa kusema uongo tangu ubatizo, jambo ambalo limemharibia shemeji yake mazungumzo mengi.

Watajiju alikuwa askari wa shamba. Tumbili walimjua kwa jina. Kisha miguu ya nyuma ikaanza kumsaliti: kwanza akawa anaburuta kucha, halafu akayumba kama mtu atokaye kwenye pombe ya rubisi, mwisho akawa anakaa chini ghafla katikati ya kufukuza, anageuka kutazama nani kamkalisha. Majirani wakashauri, kwa upole kabisa, apigwe rungu. Gloriose akajibu kwamba marehemu mumewe naye aliyumba vilevile kila jioni, na hakuna aliyemletea rungu.

Akaamua kumpeleka kwa afisa mifugo. Kijana wa bodaboda alipoyaona meno, akakumbuka kwamba ana pancha. Ikabaki engozi, ile machela ya kusuka ambayo kikundi cha kijiji hubebea wagonjwa. Ilikuwa nyumbani kwake, maana ndiye anayeisuka upya kamba zikilegea. Mbwa akalazwa humo, akafunikwa kitenge kwa ajili ya jua. Wabebaji walikuwa wawili: Fidele, kibarua wake, na Mbonimpa, shemeji yake, mwanamume shupavu, mzuri wa sura, ambaye ndiye huyu anayewasimulia.

Sasa, huku kwetu engozi ikipita na mgonjwa kafunikwa, jembe linawekwa chini. Huulizi ni nani. Unaingiza bega kwanza, maswali baadaye. Kabla hawajamaliza mteremko, kijiji kizima kilikuwa nyuma yao. Protase, mwenyekiti wa kikundi, akashika mbele huku akichechemea, akaanzisha rozari. Gloriose alifungua kinywa aeleze, lakini kila alipofungua alipewa pole. Akaona bora aitikie Salamu Maria.

Wakafika mlangoni kwa Kemirembe, afisa mifugo. Protase akainama amfariji mgonjwa, akafunua kitenge, naye Watajiju, mbwa mwenye adabu zake, akamlamba pua.

Kemirembe alisema ugonjwa uko kwenye uti wa mgongo. Haumuumi, ila unapanda polepole kutoka nyuma kwenda mbele, na dawa yake haipo. Yapo matunzo tu: kumgeuza asiote vidonda, kumnyoosha miguu, kumwinua kwa kanga iliyopitishwa chini ya tumbo. Gloriose alisikiliza kama anayesomewa wosia. Nyuma yake watu walikuwa wakikana kwamba walilia.

Jumapili baada ya misa kikundi kikakaa. Hukumu ya Protase ilikuwa fupi: engozi ni ya watu. Mbwa auawe, ama Gloriose atoke kikundini, na siku akiugua ajibebe mwenyewe. Hilo si tishio dogo kwa mjane anayeishi mlimani.

Gloriose alijifunga kitenge vizuri, akasimama.

"Waitu mzee Protase, natoka. Na mikono yangu natoka nayo. Kamba ya upande wa kichwa imeshaliwa na panya. Nyonga yako inaendeleaje?"

Watu wakamtazama Protase, Protase akaitazama nyonga. Hukumu ikarekebishwa palepale: alete dumu moja la rubisi, na mbwa asukiwe engozi yake.

Akaisuka, ndogo, ya kushika kiuno tu, akaifunga kwenye magurudumu mawili ya baiskeli ya mtoto. Watajiju akatoka nayo, miguu miwili mbele, tairi mbili nyuma, akiwatazama bodaboda kama wenzake kazini. Asubuhi ile tumbili walicheka. Walicheka vibaya. Mbwa akatia gia, akamkimbiza mkubwa wao kutoka Nyakakika, Kituntu wakampisha njia, Nyakahanga manesi wakatoka kushangilia, akaingia Kyerwa bila kupumzika, akafika mpakani Murongo, askari wakamwambia asimame, naye akawaonyesha—

"Shemeji Mbonimpa." Gloriose, anayemenya ndizi hapa pembeni, hakuinua hata kichwa. "Mbio zake ni hapa mpaka jikoni. Na leo hakufika, nimembeba."