Ungemjibu, Angegeuka

Mama yangu hana picha hata moja ya mama yake. Nyanya alifia nyumbani, karibu na lile ziwa kubwa la magharibi. Mama alikuwa hapa Lindi, mtaa wetu wa mabanda jijini, na hakufika mazishini. Kwa hiyo niliposema kwamba darasa letu la kupiga picha litaenda Naivasha, siku moja tu, kwenda na kurudi, aliacha kukunja nguo.

"Huko kuna wavuvi?"

"Wako."

"Ukiona mama mzee anatoa samaki magamba, nipigie picha. Hata kama si wa kwetu. Nataka tu nione uso."

Nilisema sawa. Lakini mimi ni mtu wa haya. Hata sukari hununua kwa kioski kimoja tu, ambapo mwenyewe ananijua, nisiulizwe mengi.

Mwalimu wetu, ambaye ana studio ndogo ya picha Kawangware, alitugawa wawili wawili, kila wawili na kamera yao. Mimi niliwekwa na msichana wa Kawangware asiyeogopa mtu. Tulianza kwenye mashamba ya kabichi na vitunguu. Yeye aliwachekesha wakulima mpaka wakainua majembe wenyewe wapigwe picha. Zamu yangu ilipofika, nilingoja wainame tena.

Aliichukua kamera akaangalia.

"Migongo tu. Kwani wewe ni askari wa kanjo, unafuata watu nyuma?"

"Ziko poa hivyo."

"Hawa watu wana nyuso, bro. Zunguka mbele. Hawaumi."

Tulipofika ziwani boti zilikuwa zimesharudi. Korongo wakubwa walikuwa wamesimama wakingoja matumbo ya samaki, kimya, kama watu kwenye foleni ya maji. Hapo nikamwona. Alikuwa mzee, leso imefungwa kiunoni, amekalia debe la rangi lililopinduliwa, beseni kati ya miguu yake. Kisu kilitoka mkiani mwa samaki kikapanda kichwani, na magamba yakamrukia mikononi. Mama hufanya hivyo hivyo, na najua ni nani aliyemfundisha.

Nilisimama nyuma yake. Tangu asubuhi nilikuwa nimepanga maneno: habari yako mama, naomba picha yako. Hayakutoka.

"Kama unataka samaki, sema," alisema bila kugeuka. "Usinisimamie kwa mgongo, unanizibia upepo."

Kisu kikatulia. Alikuwa ananingoja. Nilibonyeza mara moja, nikaenda zangu haraka.

Wiki iliyofuata mwalimu alitutolea picha kwa karatasi, nami nikampelekea mama. Alitoka nayo mlangoni, penye mwanga.

"Hili si ziwa letu," alisema. "Letu huoni ng'ambo."

Nilifikiri amemaliza. Kumbe kidole chake kilikuwa kwenye fundo la leso.

"Mama yangu alikuwa akifunga hivi. Kwa upande." Akapandisha kidole hadi kisogoni. "Hakugeuka?"

"Hakugeuka."

"Hakusema kitu?"

Nikamwambia alivyosema. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa blauzi.

"Huyo ni yeye kabisa. Hakupenda mtu amsimamie akifanya kazi." Halafu sauti yake ikashuka. "Ungemjibu, baba. Angegeuka."

Picha iko ukutani, chini ya kalenda. Jirani yetu, ambaye pia alitoka magharibi, huingia kuomba kiberiti, akaiangalia, akasahau alichofuata. Mama haipangusi vumbi kwa kitambaa. Huipuliza tu.

Mimi niliacha shule darasa la nane, na hata kuandika haya kumenichukua siku nyingi. Lakini nikisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji kwenda mtaa wa Ayany, mahali ambapo hakuna mtu karibu, huwa nasema kwa sauti: habari yako mama, naomba picha yako. Sasa yanatoka vizuri. Nayasema tena, kisha natulia kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kugeuka.