Kioo cha Futi Tatu na Robo

Ukitaka kumwona Mama Vioo akipandwa na hasira, mtajie nukta, ile ya desimali. Miaka yote amekata vioo kwa mkono wake, kwa nusu, kwa robo, kwa robo tatu, na fundi gani aliyewahi kumlalamikia? Lakini dirisha la mama mkwe wake lilihitaji kioo kigumu, kile kinachochomwa kiwandani, maana chumba kinatazama uwanja wa mpira na vioo viwili vya kawaida vilishakwenda. Na kiwandani hawataki kusikia habari za robo. Vipimo vyote ni kwa futi na nukta, basi.

Tena kioo hicho kikishachomwa hakikatwi. Ukijaribu, kinamwagika chote kama chumvi. Kwa hiyo ukikosea kipimo ndiyo umekosea, hakuna kurekebisha.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye wanafanya kazi pamoja, alipima upana: futi tatu na robo. Mama Vioo akapima urefu: futi nne na inchi tisa. Kila mmoja akajaza chake kwenye simu ya karakana, oda ikaenda. Kioo kilipofika hakikuingia, upana umezidi. Shemeji, jamani, alikuwa ameandika 3.4! Robo si moja juu ya nne? Basi akaichukua ile nne, akaibandika nyuma ya nukta, akaona kazi imekwisha.

Mama Vioo alimtolea uvivu palepale, mbele ya mama mkwe wake, bibi aliyemzaa huyo shemeji, naye amekaa kitandani. Akamuuliza kama shuleni alikuwa anakwenda kuuza sura. Akapiga magoti na chaki, akamwandikia sakafuni: gawa moja kwa nne, unapata 0.25, yaani ishirini na tano katika kila mia, asilimia ishirini na tano. Nusu ni hamsini. Robo tatu ni sabini na tano. Akamburuza mpaka kwenye theluthi, ambayo hakuna aliyeiomba. Mtu mzima na ndevu zake akawa anaitikia tu, ndiyo shemeji, ndiyo shemeji. Bibi alitazama miguu yake.

Dirisha likazibwa tena kwa ubao. Bibi akarudi kwenye giza lake, mchana kweupe anawasha taa ili atunge uzi kwenye sindano, na kifua chake hakipendi ule upepo wa kwenye nyufa. Hakulalamika, jambo lililomzidishia mkwewe hasira.

"Safari hii najaza mimi," alisema Mama Vioo. Akafuta 3.4, akaweka 3.25, mengine akayaacha yalivyo, akatuma.

Kioo cha pili kikaja. Upana ukakaa sawasawa, naye akamgeukia shemeji na lile jicho la umeona sasa. Kisha wakajaribu kukisimamisha. Juu kikagoma. Kimezidi karibu inchi mbili. Akasukuma, akasonya, akailaani fremu, akamlaani na seremala aliyeitengeneza, hadi shemeji akamwomba aache kabla hakijavunjika. Shemeji akafungua oda kwenye simu. Urefu: 4.9.

"Shemeji," alimuuliza Mama Vioo taratibu, wala hakuwa na kejeli, "inchi tisa kwenye futi ni asilimia ngapi?"

"Sabini na tano."

Alijua. Tisa katika kumi na mbili ni robo tatu, alikuwa akijua tangu siku ya kwanza, na hilo ndilo lililomkata maini. Ile tisa ameibandika nyuma ya nukta kwa mkono wake mwenyewe, na ameituma mara mbili, huku akimfokea mwenzake.

Bibi akajifunga khanga vizuri kifuani.

"Siku ile ulimsema mwanangu mbele yangu nikanyamaza, maana kweli alikosea," alisema. "Leo hayupo wa kukusema wewe. Nipigilieni ubao wangu, upepo unaingia."

Mama Vioo ndiye aliyechukua nyundo.