Sukuma Wiki ya Bwana Isiko

Macho haya yamezeeka yakiona mengi. Lakini mwanaume mzima, tai shingoni, amechuchumaa nyuma ya choo akitoboa sukuma wiki kwa kalamu?

Hilo nimeliona Mbale hapa hapa, Ijumaa.

Kwanza tegueni hiki. Ninaye mgeni. Anakula kabla yangu, hanawi, hashukuru. Siku akikataa kula, nami siuzi. Ni nani?

Kaeni na jibu lenu.

Mimi ni Nasimiyu. Nilizaliwa upande wa Kenya, nikaolewa huku Wanale, mlimani juu ya Mbale, nikamzika mume wangu huku huku. Wajukuu wananiita kukhu, yaani bibi. Mboga zangu hazijui dawa ya dukani. Zinajua samadi, majivu na mkono wangu.

Basi serikali ikasema inawainua wakulima wa asili, wasiotumia dawa. Imetenga meza moja soko la Jinja, bure. Bi Halimah, anayenunulia hoteli moja ya huko vyakula, angekuja kuchagua kikundi cha kupewa.

Meza ile niliitaka kama mgonjwa anavyotaka maji. Hapa soko la Namakwekwe nauzia chini, kwenye tope. Mvua ikinyesha, mboga zinaogelea.

Akaja Bwana Isiko, ofisa wa kilimo, na hotuba ndefu kuliko foleni ya hospitali. Akatazama kapu letu, sisi kikundi cha akina mama wa Wanale, akakunja pua.

"Mama, hizi zimeliwa! Unataka kututia aibu mbele ya mgeni?"

"Afande, mdudu hali sumu."

"Peleka kule nyuma. Karibu na choo."

Mbele akapanga za shemeji yake, Obura, zilizotoka Buwenge kwa lori. Zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Hata nzi alizipitia mbali.

Bi Halimah akafika, akazigeuzageuza.

"Mboga ya asili haina hata tundu moja? Bwana, naenda kuswali. Nikirudi nionyesheni za kweli."

Alipotoka tu, nikasikia nyuma ya choo: tobo, tobo, tobo.

Nikachungulia. Isiko na kalamu ya ofisi. Obura anamshikia majani.

"Na hili, shemeji."

"Polepole, litachanika!"

Mtu amesomeshwa mpaka chuo kikuu, anafanya kazi ya kiwavi. Na hata hiyo haiwezi.

Bi Halimah akarudi, akainua jani. Kila tundu lina duara la bluu.

Mdomo ukanishinda. "Huyu kiwavi kasoma wapi? Anaacha wino!"

Watu wakaangua kicheko. Isiko jasho linamtiririka.

"Huyu mzee hajui sayansi! Hizi ni safi kabisa!"

"Basi tule." Nikatoa jani kapuni kwangu, nikalitafuna bila kuosha. "Zamu yako, mwanangu. Moja tu."

Akalishika lake. Akamtazama Obura. Obura akatazama viatu. Mkono haukufika mdomoni.

Hapo ndipo Burhan wa bodaboda, mteja wangu wa kila Ijumaa, akasimama akipiga honi.

"Kukhu! Zile zetu ziko wapi? Mama anayenituma anasema zenye matundu mengi. Mzee wake hali nyingine."

Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza. "Mzee yupi?"

Burhan akaelekeza kwa mdomo. "Si huyo hapo, mwenye tai."

Uwiii!

Bi Halimah alituchagua sisi. Na siku ya kufungua meza Jinja, mnadhani nani alikata utepe?

Isiko.

"Sisi tuliokiamini kilimo cha asili tangu mwanzo…"

Nikacheka mpaka leso ikaanguka.

Ijumaa iliyofuata Burhan akaja kama kawaida. Nilimfungia vizuri, watoto wa Isiko hawana kosa. Juu kabisa nikamweka yule mgeni wa kitendawili: kiwavi mnene, mzima, anatafuna.

Wajukuu zangu, mkubwa akihubiri shambani, mpigieni makofi kidogo. Kisha nendeni mkachungulie sufuria yake.