Madoa Kifuani mwa Frumet

Daktari Pesia Gurwicz aliponda kaa la jiko kwa kisigino, akachagua kipande chenye ncha, akakaa ukingoni mwa kitanda cha mtoto Frumet, hospitalini kwetu, kumchora. Kalamu hakuwa nayo tangu Wajerumani walipotufungia sisi Wayahudi ndani ya seng'enge. Karatasi alizipata kwenye kadi za homa za wagonjwa, upande wa nyuma.

Upande wa mbele wa kadi hizo ulikuwa uongo mtupu. Kila moja iliandikwa mafua makali. Hospitali ya ng'ambo ya daraja iliandika ukweli, homa ya chawa, na askari wakapigilia mbao milangoni, wakaitia moto pamoja na wagonjwa wote. Harufu ilikaa kwenye mapazia yetu mpaka Pasaka. Kwa hiyo Pesia alidanganya mbele na kusema kweli nyuma. Alichora alichokiona: mbavu, vidonda, na yale madoa madogo ya homa yanayojaa kifuani na mabegani na kuuacha uso safi. Chini aliandika jina.

Michoro alimpa Zelik, mzee wa chama cha mazishi, aliyekuja kila asubuhi na mkokoteni. Kwetu kitabu cha sala kikichakaa hakitupwi wala hakichomwi, kwa kuwa kina jina la Mungu; huzikwa kama mtu. Zelik alizizika kurasa za vitabu hivyo pamoja na maiti, na michoro ya daktari akaitia humo humo, ndani ya kopo la maziwa.

"Hii haina jina la Mungu," alisema siku ya kwanza.

"Ina majina ya watu."

"Haya. Nikiulizwa huko juu nitasema wewe ndiye uliyenitia ujinga."

Asubuhi alipochorwa Frumet, Zelik alinyoosha mkono auchukue mchoro. Pesia akaukumbatia.

"Mikono bado sijamaliza."

"Daktari, tulikubaliana. Mchoro wenye madoa haulali humu."

"Kesho, Zelik. Mtoto ana miaka tisa na bado anapumua, nimpeleke kaburini hana mikono?"

Zelik alisonya akaondoka. Pesia akauficha mchoro ndani ya aproni yake. Hilo ndilo kosa alilofanya.

Mkokoteni haujafika kona, lori lilisimama mlangoni. Askari waliingia wakipiga vitanda mateke, wakitaka kila mtu asimame. Azriel fundi cherehani, ambaye miguu yake ilivimba kama magogo, alijaribu mara mbili akaanguka. Walimpiga risasi mdomoni alipokuwa anaomba radhi. Damu ikaruka mpaka kwenye shuka la Frumet. Pesia alimkimbilia Azriel, akapigwa kitako cha bunduki tumboni, akajikunja, na karatasi ikadondoka.

Afisa mwenye glavu za kijivu aliiokota.

"Nini hiki kifuani?"

"Kivuli, bwana afisa."

"Kivuli cha nukta nukta?"

"Makaa yanachafua nikiyasugua. Kwa hiyo natia kivuli kwa nukta."

"Mwongo mkubwa wewe. Hii ni homa ya chawa, na huko nje nina madebe matano ya petroli." Akavuta kiti, akaketi, akanyoosha koti lake. "Nichore mimi. Nukta zisipofanana, tunamwaga."

Wagonjwa walikuwa wamebaki thelathini na nane. Askari mmoja alimwekea Frumet bastola sikioni, ili daktari asichelewe.

Pesia alichora. Kidevu kilitoka vizuri, macho pia. Uso aliuacha safi. Alipofika kwenye koti aligonga nukta kifuani, akazisambaza mabegani, akazijaza chini ya makwapa, kila moja ukubwa ule ule wa madoa ya Frumet. Jasho lilimtiririka puani, asithubutu kulipangusa.

Afisa alizilinganisha karatasi mbili kwa muda mrefu. Ya Frumet aliitupa chini akaikanyaga. Yake aliikunja taratibu.

"Mama yangu atafurahi," alisema. "Weka mkono mezani. Huo wa kulia."

Aliuponda kwa kitako cha bastola, pigo baada ya pigo, mpaka vidole vikalegea kama vya glavu tupu. Kisha akavaa kofia, na lori likaondoka na petroli yake.

Zelik alirudi kumchukua Azriel. Alimkuta Pesia sakafuni ametapika, mkono umefungwa kitambaa cha kichwa. Pesia akamweleza yaliyotokea.

"Yaani umemtia homa ya chawa, kifua kizima?"

"Na makwapani."

"Na mamake ataitundika ukutani." Zelik alicheka akakaa kitandani pa Azriel, kwenye damu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayakukoma cheko lilipokoma. Halafu akanyoosha kiganja. "Nipe sasa."

Karatasi ilikuwa na alama ya buti. Pesia aliomba kaa, akalishika kwa mkono wa kushoto, akachora vidole kumi kama vijiti vya kuwashia moto. Jina aliloandika chini lilipanda na kushuka.

Frumet alichungulia. "Hiyo siyo mikono yangu."

"Ndiyo niliyoiweza leo, mwanangu."

Zelik aliutia mchoro ndani ya kopo, akalilaza chini ya kichwa cha Azriel, akausukuma mkokoteni kuelekea makaburini.