Nilisema "hakikisha vimekauka", akaanika vifaa vya kuzalishia juani

Wakuu, salaam.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka. Leo naweka wa kwangu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Nilichobadilisha ni majina ya watu tu, na zahanati sitaitaja.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba, Mbongo wa Tunduma. Nilivuka mpaka wa Nakonde kutafuta maisha, nikaishia Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru. Kazi yangu ni kuzunguka kwenye zahanati za mwambao huu hadi Chienge, nafunga mashine, natengeneza zilizokufa, naelekeza watumiaji.

Kwa wasiojua: ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Wakongomani wamejaa hapa, wafanyabiashara wa samaki na wakimbizi wa kambi ya Mantapala. Kiswahili wanakijua, ila ni kile cha kwao Katanga. "Vitu" kwao ni "bitu", "ndiyo" ni "njo", "ili" ni "juu". Mwanzoni nilikuwa nacheka. Sasa hivi hata mimi nikiwa sokoni naongea hivyohivyo.

Twende kwenye mada.

Zahanati moja ya binafsi ilinunua autoclave, nikaitwa kuifunga. Hii ni kama pressure cooker kubwa. Unaweka mikasi na koleo za kuzalishia zikiwa zimeoshwa na kufungwa kwenye vitambaa, mvuke wa moto mkali unaua vijidudu vyote. Tuliiwekea jiko la gesi, maana umeme wa huku unakatika unavyotaka.

Mwendeshaji niliyepewa nimfundishe alikuwa Mama Ilunga. Mkongomani, mtu mzima, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Kabla ya zahanati alikaa miaka mingi Mununga akinunua na kukausha chisense, hawa dagaa wa Mweru.

Nilimfundisha mchana mmoja. Kuosha, kuloweka kwenye dawa, kufunga, kupanga, kuhesabu dakika mvuke ukishafika na sio pale unapowasha moto. Nikamwonyesha ile tepu ya kwenye kifurushi, kwamba mistari ikigeuka myeusi ujue joto limefika.

Alishika vizuri kuliko manesi wengi niliowafundisha. Hilo nalisema wazi.

Mwishoni gari langu la Chienge likawa linapiga honi nje. Nikiwa nakusanya spana zangu nikamwambia: "Na kifurushi kikiwa na maji hakifai. Hakikisha vimekauka kabla hujaweka kabatini."

Akasema sawa. Nikapanda gari.

Kwenye fani yetu kitambaa kibichi ni mlango. Vijidudu vya nje vinapita kwenye unyevu na kuingia ndani. Kwa hiyo ukishatoa mvuke unaacha kifuniko wazi kidogo, vifurushi vinakauka humohumo ndani kwa joto la mashine, hugusi kitu kwa nusu saa. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani. Mdomoni yalitoka maneno mawili matatu.

Baada ya wiki kadhaa mkunga wa pale, Sister Mutale, akanipigia simu. Mama aliyejifungulia kwao amerudi siku ya nne na homa, na pale aliposhonwa pameoza. Wiki iliyotangulia mwingine alirudi hivyohivyo, ila nafuu kidogo. Bosi wake anasema mashine yangu ni mbovu.

Huyo mama tumwite Bana Chanda. Wabemba humwita mwanamke kwa jina la mtoto wake, na Chanda ndiye mkubwa wake. Nilipofika walikuwa wanampakia kwenye gari kumpeleka hospitali kubwa. Alikuwa anatetemeka jua la saa nne likiwa linawaka. Mama yake alikuwa amembeba kichanga.

Sikutaka kuangalia sana. Nikaingia chumba cha mashine.

Nikaijaribu mara tatu. Joto sawa, presha sawa, tepu zote nyeusi. Nikaangalia dawa ya kulowekea, iko sawa. Nikaangalia Sister Mutale anavyonawa, hana tatizo. Nikaanza kufikiri labda mama mwenyewe alijiosha na maji ya ziwa huko nyumbani. Ndivyo tulivyo mafundi, mashine ikipona lawama tunampa binadamu.

Mchana nikatoka nyuma ya jengo kutafuta network.

Nikaviona. Vifurushi vya kitambaa cha kijani, vimepangwa mstari kwa mstari juu ya chanja cha matete, juani. Vya mzunguko wangu wa mwisho vilikuwa bado vinatoa mvuke. Jirani upande wa pili wa uzio alikuwa ameanika chisense mchangani, na nzi walikuwa wanahama kutoka kwa jirani kuja kwetu na kurudi. Mama Ilunga alikuwa anapita kwenye chanja anageuza kifurushi kimoja kimoja, upande wa pili nao upate jua.

Alikuwa amenawa mikono kabla. Hilo nilimuuliza baadaye.

"Mama, unafanya nini?"

"Fundi, weye ulisema bikauke. Njo naanika. Jua ya hapa iko kali, inauwa mikrobe yote."

"Kila siku?"

"Kila siku. Nageuza mara mbili, juu bisibakie na mayi."

Kitu kilichotoka kwenye mvuke kikiwa safi kuliko chochote mwambao mzima, kinapelekwa kibichi kwenye vumbi na nzi, kwa uangalifu kabisa, kisha kinaingia kabatini kikiwa na tepu nyeusi inayosema kila kitu kiko sawa.

Nilimwelekeza upya palepale. Alishika kichwa, akakaa chini.

Sasa hapa ndipo pananihusu, wakuu.

Bosi alitaka ripoti. Niliandika kwa Kiingereza, ukurasa mmoja: mashine ni nzima, chanzo ni user error. Nikasaini, nikapiga mhuri, nikaenda kula.

Hiyo user error tunaiandika kila siku. Ni kama koma kwenye sentensi. Wala sikufikiria.

Kesho yake asubuhi Mama Ilunga alinikuta kibandani nakunywa chai. Ana bahasha mkononi. Ni barua ya bosi, kwamba ajieleze ndani ya siku mbili kwa nini asifukuzwe, na ripoti yangu imebanwa nyuma. Yeye anasoma Kifaransa vizuri tu, Kiingereza hapana. Sister Mutale alikuwa zamu anazalisha, kwa hiyo akanifuata mimi.

"Fundi, unisomee. Wanaandika nini?"

Nikamsomea barua. Nikafika kwenye ripoti, nikatamani ningekuwa sijui kusoma.

"Inasema mashine ni nzima. Inasema ni kosa la mtumiaji."

"Mutumiaji ni nani?"

"Ni wewe, mama."

Akaichukua karatasi, akaiangalia kwa muda mrefu kana kwamba ataelewa.

"Na jina yako iko wapi hapa?"

Nikamwonyesha. Chini kabisa, kwenye sahihi.

Hakunigombeza. Alikunja karatasi, akauliza kama nina kalamu, maana anataka kujibu. Ana wajukuu watatu Mantapala wanaoitegemea kazi hiyo, na hakunitajia hata mmoja. Hilo nimelijua baadaye kwa Sister Mutale.

Niliona aibu. Sina neno lingine.

Nikamwambia asiandike kitu. Nikaenda kwa bosi, nikamweleza kwamba mafunzo niliyatoa nusu, hatua ya kukausha sikuionyesha kwa sababu nilikuwa nawahi gari. Nikaomba niandike ripoti nyingine. Bosi, mtu mpole wa Kibemba, akaniuliza swali moja tu: kwa nini hukuandika hivi jana?

Nikamwomba karatasi, nikaandika palepale.

Mama Ilunga alibaki kazini. Bana Chanda alikaa hospitali siku nyingi, akapona, amerudi nyumbani na mwanawe. Vifaa vyote vilivyokuwa kabatini tulivitoa, tukavipika upya.

Funzo kwa mafundi wenzangu: usimwambie mtu matokeo ukadhani umemwambia njia. "Vikauke" kwa mtu aliyekausha samaki maisha yake yote maana yake ni juani. Hajakosea lugha, anaijua kuliko wewe. Sasa hivi siondoki mahali mpaka mtumiaji amalize mzunguko mzima mbele yangu, mikono yangu ikiwa mfukoni. Gari lipige honi mpaka betri iishe.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Ila nimeahidi ukweli.

Bana Chanda hakuambiwa chochote. Bosi alisema yaishe. Sister Mutale akanyamaza, na mimi nikanyamaza.

Mwezi uliopita nilipita kufanya service, nikasikia kwamba Mama Ilunga alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Bana Chanda. Peke yake, bila kumuaga bosi. Nikamuuliza ulimwambia nini.

"Nilimwambia kweli. Kama miye njo nilianika bile bitu, na byenye kumuuguza bilitoka kwa mikono yangu. Nikamuomba pardon."

"Akasemaje?"

"Alilia. Kisha akanipa mutoto nimubebe."

Nikauliza, kwa sauti ya chini, kama alinitaja.

"Hapana, Fundi. Ya kwako utaenda kuisema weye."

Nyumba ya Bana Chanda ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapa nilipokaa naandika uzi huu. Sijaenda.

Wakuu, mawe yenu nayapokea, na mwenye ushauri auweke. Mlioko kwenye afya semeni pia kwenu mnakaushaje. Nitakuwa nasoma.