Mwaka Baba Alipokataa Kuvuka

Petroli iliyochanganywa na oili ina harufu inayong'ang'ania nguo hata ukizifua mara tatu. Mashati yote ya baba yalinuka hivyo, na mto wake wa kulalia, na mpaka mikate ambayo mama aliifunga kwenye kitambaa ili aondoke nayo asubuhi. Tulikaa Macaloe, kisiwa kidogo cha wavuvi jirani na kisiwa cha Vamizi. Baba alikuwa na boti dogo la fiba lenye mashine moja ya kupachika nyuma, na kazi yake ilikuwa kuvusha watu kwenda bara: wagonjwa, wanawake na mizigo yao, watumishi wa serikali waliotoka mikoa ya mbali na kushika ukingo wa boti kwa mikono miwili tangu kamba inapofunguliwa. Hakuwa mtu wa maneno. Akirudi alikaa kibarazani akanyoosha miguu, na ukimuuliza bahari ilikuwaje, alijibu kwamba ilikuwa bahari tu.

Mwaka huo nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, nami nilikuwa mmoja wa watoto tisa wa darasa la saba. Mtihani ulifanyiwa bara. Mwalimu wetu, Tomé, alikuwa mtu wa Manica, kutoka kwenye milima, na alikuwa ametufundisha Kireno kwa miaka miwili mpaka nikawa naota kwa Kireno. Tulipaswa kuvuka siku moja kabla, lakini mafuta yalichelewa kufika kutoka Palma, mji wa bara, kwa hiyo ikabidi tuvuke asubuhi yenyewe ya mtihani. Mwalimu alitaka tuingie wote tisa kwa mkupuo mmoja. Baba alikataa. Alisema boti linachukua watu sita, naye akiwemo, na kwamba likizidi hapo linakaa chini sana na wimbi dogo tu linaingia ndani. Mwalimu alibisha kwamba watoto ni wepesi. Baba akawapanga watano wa kwanza ndani ya boti, mmoja mmoja, wakae chini kabisa, katikati, miguu imekunjwa. Mimi hakuniweka. Baadaye mama aliniambia kwamba baba aliona aibu kumtanguliza mwanawe mbele ya watoto wa wenzake.

Tulibaki wanne ufukweni pamoja na mwalimu, sare zetu zimepigwa pasi, kalamu zimo mifukoni. Baba alipokuwa anarudi upepo ulikuwa umeshaamka, na maji yalikuwa yanatoka, yanakupwa. Mtu asiyeijua sehemu ile hawezi kuelewa. Maji yanayotoka yakikutana na upepo unaoingia, pale mlangoni, kwenye mkondo kati ya kisiwa na bara, mawimbi hayaji kwa safu. Yanasimama wima, yamekaribiana, na boti likishuka kwenye moja halina nafasi ya kuinuka kabla ya jingine. Tulimwona akija, boti linapotea na kutokea, na alipofika alikuwa ameloa mpaka kofia. Hakutuita tupande. Alizima mashine, akalivuta boti mchangani na kukaa pembeni yake. Mwalimu alimwonyesha saa yake ya mkononi. Baba alisema tusubiri maji yatulie. Mwalimu akasema mtihani hausubiri maji.

Wakati huo akatokea Shafi, nahodha kijana wa kisiwa jirani cha Rongui, na boti kama la baba. Alikuwa anakwenda bara kwa shughuli zake, akasema anaweza kutuchukua. Mwalimu alifurahi karibu alie. Wazazi wa wenzangu watatu walikuwepo pale, wakaruhusu, na watoto wao wakapanda, na mwalimu akapanda nao. Mimi nilikuwa nimeshatia mguu majini baba aliponishika mkono. Hakunivuta. Alinishika tu.

"Somoe, wewe unabaki," alisema.

Nililia mbele ya watu. Mama yangu alimsihi, akamwambia mbona wenzangu wanakwenda, na baba akazidi kunishika huku anatazama mlangoni. Shafi aliondoka na wale watatu na mwalimu. Tulilitazama boti likiruka na kuanguka mpaka likatoweka, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na nusu ya moyo inayoomba wafike na nusu nyingine inayoomba baba aonekane kuwa alikuwa na haki.

Walifika. Waliloa, mmoja alitapika, wakakaa darasani na nguo mbichi wakafanya mtihani. Bahari ilitulia alasiri, wakati hapakuwa na haja tena. Mtihani wa pili ulikuwa wa waliougua tu, wenye karatasi ya hospitali, nami sikuwa mgonjwa. Wenzangu wanane walikwenda Palma kuendelea na masomo, mimi nikarudia darasa lile lile, nakaa dawati moja na watoto wadogo kuliko mimi. Watu walianza kusema kwamba baba ameingiwa na hofu, kwamba amezeeka, na baadhi ya abiria wake wakahamia kwa Shafi. Baba aliendelea kuwavusha waliobaki. Alizidi kuchelewa kula, na usiku nilimsikia anageuka geuka kitandani.

Kwa miezi mingi nilimsalimia na kumpa mgongo. Lakini abiria walipopungua alikosa pia mtu wa kumsaidia, na siku zisizo na shule mama aliniamuru niende naye nikakumbe maji yanayoingia botini. Nilikwenda nimenuna. Kazi yangu ilikuwa dumu lililokatwa, na nilikumba mpaka mabega yakafa ganzi. Hapo ndipo nilipomwona akifanya kazi. Alifunga kamba ya kuzimia mashine kwenye kifundo cha mkono wake kabla ya kitu chochote, ili akianguka mashine izimike isimzunguke kumkata. Tangi la mafuta alilifunga lisitembee. Wimbi kubwa hakulikabili uso kwa uso wala hakuligeuzia ubavu wa boti. Alilipanda kwa mshazari, anaongeza mafuta kidogo wakati wa kupanda, na karibu na kilele anapunguza ili boti lisiruke likaanguka kwa kishindo. Mawimbi yakitoka nyuma alikaa mgongoni mwa moja, hakulipita wala hakuliacha la nyuma limfikie. Kila safari ilimla. Akishuka alikaa kwanza mchangani kabla ya kulifunga boti.

Siku moja ya upepo wa kusi, tumeshavuka salama, nilimuuliza lile nililokaa nalo miezi yote ile. "Baba, siku ile tungefika?"

Alikuwa anafunga kamba. "Huenda tungefika."

"Sasa kwa nini ulinizuia?"

"Kwa sababu sikujua," alisema. "Nilitazama pale mlangoni, sikujua. Na wewe ungekuwa ndani."

Nilitegemea aniambie kwamba Shafi alibahatisha, au kwamba watu ni wajinga. Aliniomba nimpe dumu, akamalizia maji yaliyobaki yeye mwenyewe.

Nilifaulu mwaka uliofuata, si kwa alama nzuri. Sasa mimi ni mwalimu Palma, na ni mtu aliyechoka. Baba ni mzee, yuko kwangu, hana boti. Vita vilipokuja watu wa visiwani walitawanyika, wengine wamerudi, wengine hawatarudi. Mashine za siku hizi zina nguvu mara mbili ya ile ya baba, na baadhi ya maboti yana majaketi ya kuelea. Mlangoni pale maji yanasimama vile vile.

Mwaka jana nilisimamia mtihani. Nilisoma majina, na msichana mmoja wa kisiwani hakuitika. Nililisoma jina lake mara ya pili, nikasubiri zaidi ya inavyoruhusiwa, nikatazama dirishani ambako minazi ilikuwa imelala kwa upepo. Karatasi ya mahudhurio ina safu mbili tu, ya waliopo na ya wasiokuwepo. Hakuna nafasi ya kuandika kwamba huenda kuna mtu amemshika mkono. Nilitia alama kwenye safu ya pili, nikawaambia wengine waanze.