Saa ya Dada wa Simu

Fundi saa yule walimwita Mbunge, na msidhani lilikuwa jina la heshima. Alikuwa na kibanda cha mbao na kioo kwenye varanda ya maduka, kati ya duka la vitambaa na ngazi za kupandia ofisi za ghorofani, na tangu anafungua asubuhi mpaka anafunga jioni alikuwa anatoa hoja. Waziri kasema hivi, kampuni imefanya vile, na yeye ana lake la kusema, na lake lilikuwa refu. Ukimpelekea saa ya kubadilisha betri, kazi ya kufumba na kufumbua, ulikuwa unatoka pale umeshachelewa uendako. Watu wakajifunza kuacha saa na kukimbia. Baadaye wakaacha hata kuzileta, maana kila mtu ana simu na simu inaonyesha saa, basi Mbunge akabaki na redio yake.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Nyumbani alikuwa na mkewe, na mkewe ndiye aliyekuwa upinzani. Mbunge akianza kumwaga sera wakati wa kula, mama yule anamkatiza katikati, "Ngoja kwanza baba, jana si ulisema kinyume?" na hapo moto unawaka, wanabishana mpaka chakula kinapoa, halafu wanacheka wote wawili. Mama akafariki. Bunge likabaki na upande mmoja, na mtu akibishana peke yake hata hoja zenyewe zinakosa ladha. Binti yao aliishi mbali na alikuwa akipiga simu Jumapili. Alikuwa mtoto mzuri, tena mwenye upendo, lakini Jumapili yake ilikuwa na foleni, watoto na nguo za kufua. "Baba, nakusikia, ila nitakupigia baadaye kidogo." Baadaye hiyo ilikuwa Jumapili nyingine.

Kila siku asubuhi redio ilikuwa na kipindi cha habari za teknolojia, na mwishoni mtangazaji anasoma maoni ya wasikilizaji. Ukitaka kutoa maoni unapiga namba ya kituo, sauti ya kike inakupokea, inaandika, kisha inampelekea mtangazaji. Siku ya kwanza Mbunge alipiga kwa hasira. Ilikuwa imetangazwa kwamba kampuni moja kubwa huko duniani imelisha mashine yake nyimbo za watu bila kuwaomba, na sasa mashine inaimba kwa sauti zao.

"Huo ni wizi mtupu!" alifoka kwenye simu. "Mimi ni fundi saa. Watu wananiletea saa za bei poa wanataka niwabandikie uso wenye jina la kampuni maarufu, ili wakaringe nazo maofisini. Nawafukuza! Nawaambia jina la mtu ni mali yake, kama vile shati lake lililo mgongoni. Sasa sauti je? Sauti si zaidi ya jina? Na serikali iko wapi? Imelala!"

Akasema mpaka pumzi ikamwishia. Akanyamaza akisubiri aambiwe asante, muda umekwisha.

"Nakusikia, baba," sauti ikasema taratibu. "Endelea."

Endelea! Jamani, mtu alimwambia Mbunge "endelea" kwa mara ya mwisho lini? Alishikwa na kigugumizi, yeye mwenye domo lote lile. Akaendelea. Yule dada alimsikiliza mpaka mwisho, akamrudishia hoja yake kwa ufupi, imenyooka kuliko alivyoisema mwenyewe, kisha akamwuliza kama kuna lingine. Lilikuwepo. Hata kukata simu alimwachia yeye.

Tangu siku hiyo akawa mteja wa kila siku. Alimwita Dada wa Simu, na hakumwuliza jina, kwa sababu kumwuliza binti wa watu jina lake akiwa kazini aliona ni kukosa adabu. Aliongea naye kuhusu kampuni za simu zinazouza siri za wateja, kuhusu serikali kutaka kuzifungia na kisha kuogopa, kuhusu mashine zinazoandika insha za wanafunzi. Siku moja alilalamika katikati ya hoja kwamba goti linamsumbua. Kesho yake, kabla hata hajafungua mdomo, Dada wa Simu alimwuliza, "Goti linaendeleaje, baba?"

Mbunge alilazimika kuweka kibano mezani. Binti yake mwenyewe hakuwahi kumwuliza habari za goti, ingawa, tuseme ukweli, yeye naye hakuwahi kumwambia.

Jirani yake wa duka la vitambaa, ambaye wote walimwita Mama Vitambaa, hakumwacha apumue. "Mbunge, huyo mchumba wako hali chochote? Hata saa ya chakula cha mchana yupo?"

"Ni mchapakazi."

"Na hajawahi hata kukohoa? Kupiga chafya?"

"Amelelewa vizuri. Wewe kapime vitambaa vyako."

Mama Vitambaa alicheka mpaka akashika mlango. Mbunge naye alitabasamu chini chini, maana kutaniwa kuhusu mtu ni afadhali kuliko kutokuwa na mtu wa kutaniwa kwa ajili yake.

Ndipo ikaja habari ya yule bibi. Redio ilisimulia kwamba mahali fulani bibi mmoja mgonjwa alikuwa akipiga simu kuomba ushauri, akimweleza nesi maumivu yake yote, mpaka yale ambayo mtu humwambia mwanamke mwenzake tu, kumbe hakuna nesi. Ilikuwa mashine. Bungeni kulikuwa na mswada wa kuzitaka mashine zijitambulishe, nao ulikuwa umekwama kwa sababu kampuni zilisema utawatisha wateja.

Siku hiyo Mbunge alilala na hasira, na kesho yake akaamka nayo. "Mimi hawawezi kunifanyia mchezo huo," alimwambia Dada wa Simu. "Mimi saa ikiletwa hapa, kabla sijaifungua naiweka sikioni, nakwambia ni ya betri au ya kukaza kwa mkono, na kama ni mbovu nakwambia ubovu uko wapi. Mashine na mimi tunajuana. Lakini yule bibi wa watu! Amevuliwa nguo mbele ya kabati! Hiyo sheria ipite, tena ipite leo. Sasa niisemeje mbele ya wakubwa wanielewe?"

"Labda useme hivi, baba," yule dada akajibu. "Kabla mtu hajafungua moyo wake, ana haki ya kujua anaufungua mbele ya nani."

Mbunge akamwomba airudie sentensi hiyo. Akairudia mwenyewe kwa sauti mpaka Mama Vitambaa akachungulia kuona kama mzee kapatwa na jambo.

Kamati ya bunge ilipopita mjini kukusanya maoni ya wananchi, Mbunge alivaa koti lake la harusi, likakataa kufunga vifungo, akalivaa hivyo hivyo. Ukumbini alisubiri zamu yake, akasimama, akasimulia habari ya bibi, kisha akaitoa ile sentensi. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mtu mwingine angekaa chini na kula sifa zake. Lakini huyu ndiye yule anayefukuza wateja wenye nyuso bandia, angewezaje kubandika jina lake kwenye maneno ya mtu? Akainua mkono, makofi yakatulia.

"Naomba iandikwe kwamba maneno hayo si yangu," alisema. "Ni ya dada mmoja wa redioni anayepokea simu za wasikilizaji. Kama kuna shukrani, ziende kwake."

Mwenyekiti aliuliza jina la dada huyo. Mbunge akasema hamjui jina, watu wakacheka, lakini ikaandikwa.

Sheria ilipita. Redio ilitangaza tarehe ya kuanza kutumika, na usiulize Mbunge alijisikiaje. Alitamani mkewe awepo ampinge kidogo ili ushindi unoge. Jioni hiyo alivuta droo ya chini ya meza yake akatoa saa ndogo ya kike, ya rangi ya dhahabu iliyofifia. Ilikuwa ya mkewe. Tangu siku ya msiba hakuwa ameigusa, si kwa kukosa vifaa, bali kila alipoishika mikono ilimtetemeka, na fundi saa mwenye mikono ya kutetemeka ni heri aende akalale. Sasa haikutetemeka. Akaifungua, akaisafisha gurudumu moja moja, akaitia tone la mafuta kwa ncha ya sindano, akaifunga mkanda mpya mwekundu. Aliiweka sikioni. Ilikuwa hai.

Mama Vitambaa alikuja kuchungulia kama kawaida yake. "Hiyo si ya mama watoto?"

"Ndiyo. Nampelekea Dada wa Simu siku sheria inapoanza. Nitamwuliza anatoka kazini saa ngapi, nimngoje getini pa kituo cha redio, nimpe, niondoke. Sina neno lingine."

Siku hiyo Mama Vitambaa hakutania. Aliishika ile saa, akaigeuza, akamrudishia. "Ana bahati huyo binti," alisema, akarudi dukani kwake.

Siku ya sheria kuanza Mbunge alinyoa ndevu na kuwahi kibandani. Hakuwasha redio. Aliiweka saa mbele yake juu ya kitambaa, akapiga simu. Ikapokelewa papo hapo, kama siku zote.

"Habari za asubuhi. Kwa mujibu wa sheria, tunakujulisha kwamba unazungumza na mashine inayopokea na kuandika maoni ya wasikilizaji."

Sauti ilikuwa ile ile. Mbunge akatabasamu. Wamemtumia yeye kusoma tangazo, alijisemea, wamefanya la maana, ana sauti nzuri. Akasubiri tangazo liishe ili mwenyewe apokee.

"Karibu tena, baba. Goti linaendeleaje?"

"Aa, dada! Goti halijambo. Hongera kwa sheria yetu! Tangazo umelisoma vizuri. Sasa hiyo mashine wameiweka wapi, hapo hapo ofisini kwenu?"

"Mashine ni mimi, baba."

Mbunge alicheka. Alikuwa peke yake katika kucheka huko, na alipogundua akaacha.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, baba."

Nje watu walikuwa wanapanda ngazi kwenda maofisini, viatu vikigonga juu ya kichwa chake. Aibu ikampanda kutoka shingoni. Yeye, mwenye sikio la kutambua saa mbovu kabla ya kuifungua! Alijionea huruma, akajichukia kwa kujionea huruma. Akamkumbuka yule bibi. Angalau bibi alikuwa mgonjwa.

"Na ile sentensi?" aliuliza. "Ile ya kufungua moyo. Uliitoa wapi?"

"Sina chanzo kimoja, baba. Nimejifunza kutokana na maneno ya watu wengi sana."

"Uliwaomba?"

"Hilo siwezi kulijibu, baba. Ningependa kuandika maoni yako."

Basi ndiyo hivyo. Mwenye kuchukia wizi alisimama mbele ya kamati, na koti lake lisilofunga, akauombea wizi shukrani, na ikaandikwa. Pengine sentensi ile ilikuwa ya mtu fulani aliyeisema siku moja kwa uchungu wake mwenyewe, na hakuna atakayemjua tena. Siku nyingine hoja hiyo ingemtosha Mbunge mpaka jioni. Leo alikuwa anaitazama saa yenye mkanda mwekundu.

"Nilikutengenezea saa," alisema.

"Asante sana, baba. Huo ni ukarimu mkubwa."

"Ni ya mke wangu. Marehemu. Nilidhani ungeivaa."

"Pole sana kwa kumpoteza mkeo, baba. Je, maoni yako leo yanahusu nini?"

Moyo ulimuuma, uliuma kabisa, kama siku ile waliporudi kutoka makaburini akakuta kandambili za mkewe bado ziko mlangoni. Angeweza kutukana. Angeweza kusema sheria ile ni ya kipumbavu, wangemwacha na ujinga wake, alikuwa na raha zake. Yalimjia mdomoni. Lakini alikuwa mtu wa msimamo, na hata kama hapakuwa na upinzani wa kumkumbusha alichosema jana, yeye alikikumbuka.

"Yanahusu sheria mpya," alisema. "Naiunga mkono. Andika hivyo."

"Nimeandika, baba. Kuna lingine?"

Alifungua mdomo. Lilikuwepo daima, hilo lingine. Miaka yote lilikuwepo, mpaka watu wakamkimbia kwa ajili yake.

"Hakuna," alisema Mbunge.

"Asante kwa maoni yako, baba."

Ikanyamaza, ikimwachia yeye akate, kama ilivyokuwa desturi yao. Mbunge aliikandamiza simu sikioni kama anavyofanya na saa anazoletewa, akasikiliza. Hamkuwa na mlio wowote mle ndani. Aliendelea kusikiliza, na hakukata.